Feti ya mwisho wa mwaka kwa biro: nani analipa, nani anaogopa kusema hapana

Kila mwaka, mwezi wa 12 ukianza tu, karatasi moja inaanza kuzunguka kwa biro za miji yetu, ikiwa ni Bunia, Butembo, Goma, Bukavu, Kindu ao Kalemie. Ni listi ya majina. Pembeni ya kila jina kuna nafasi ya kuandika kiasi: dola 5, dola 10, dola 20. Juu wameandika: "Feti ya mwisho wa mwaka." Kwa biro zingine karatasi haiko tena, imehamia kwa grupe ya WhatsApp. Kila jioni mutunza feza anairudisha, na alama kwa majina ya wale wamekwisha kulipa. Wale hawajalipa, kila mutu anawaona.

Feti yenyewe ikipita, hadithi zake zinadumu mpaka Pasaka: nani alilewa, nani alicheza na bibi ya shefu, nani alitia kuku nzima kwa sakoshi. Tunacheka, na ni vizuri kucheka. Lakini nyuma ya kicheko iko jambo halisemwi sana. Feti ya biro inakusanya watu ambao hawana nguvu sawa, na inawakusanya kwa wakati mugumu sana wa mwaka, siku chache mbele ya kontra za wengi kwisha. Ndiyo maana neno "kuja tufurahi" halina uzito moja kwa kila mutu anayelisikia.

Siyo feti moja tu

Kwanza tukumbuke kwamba mwaka wa kazi kwa upande wetu uko na feti zake. Tarehe 8 mwezi wa 3, wa mama wa biro wananunua kitenge cha rangi moja na kwenda kwa maandamano, kiisha wanakula pamoja. Tarehe 30 mwezi wa 4 ni siku ya elimu, walimu wanakutana. Kesho yake, tarehe 1 mwezi wa 5, ni Siku ya Kazi: kila kampuni, kila hospitali, kila shirika linapita mbele ya viongozi na kaliko yake, watu wamevaa tishati mupya, na kiisha defile wanajigawanya kwa mahoteli na manganda. Halafu inafika Noeli na Bonane.

Kwa kila moja ya siku hizi kuna kitu cha kulipa: kitenge, fundi wa kushona, tishati, sahani ya chakula. Lakini feti ya mwisho wa mwaka iko tofauti. Ile ya mwezi wa 3 na ile ya mwezi wa 5 zinafanyika mbele ya macho ya muji, kila mutu anajichunga. Ya mwisho wa mwaka inafanyika kati ya wenyewe kwa wenyewe, mulango umefungwa, muziki uko juu, chupa ziko mezani. Hapo ndipo biro inaonekana vile iko kweli.

Na tangu mwaka 2025, feti hii imebadilika sura. Mwanzo wa mwaka ule Marekani ilikata musaada wake, na mashirika mengi yaliyokuwa yanafanya kazi kwa Kivu na Ituri yalifunga mipango na kuachisha wafanyakazi. Mwezi wa 1 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, mwezi wa 2 ikafuata Bukavu, na banki zikafunga milango kwa miji hiyo miwili. Watu wengi walianza kupokea mushahara kwa simu, na kila wakitoa feza kwa ajenti wanakatwa kitu kidogo. Biro iliyokuwa na watu 40 imebaki na 15. Mwenye kubaki anajua kwamba kazi yake ni bahati. Mutu wa namna hiyo, ukimwomba dola 10 ya feti, hatasema hapana. Anaweza kukopa.

Tarehe 31 iko karibu

Hapa ndipo tunapaswa kusimama kidogo, sababu ndipo shina la mambo liko.

Kwa mashirika, kwa masomo ya watu binafsi, kwa makampuni madogo, kontra nyingi zinaandikwa mpaka tarehe 31 mwezi wa 12. Mupango unaisha na mwaka, bajeti inaisha na mwaka. Kwa hiyo kati ya tarehe 10 na tarehe 20, wakati feti inatayarishwa, ndio wakati ule ule shefu anafanya listi ingine, ile ya watu watakaoendelea na ya watu watakaoambiwa asante. Listi hiyo haizunguki, iko kwa kompyuta yake. Lakini kila mufanyakazi anajua kwamba iko.

Sheria iliweka mipaka. Code du travail ya mwaka 2002 inasema kwamba kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili, na kwa kawaida inaweza kurudishwa mara moja tu; kiisha hapo mufanyakazi anapashwa kuhesabiwa kama mutu wa kontra isiyo na mwisho. Wengi wetu tunajua watu waliorudishiwa kontra mara tano, mara sita, kila mwezi wa 12. Wanaijua sheria, lakini wanajua pia kwamba mwenye kuitaja ndiye wa kwanza kukosa kazi.

Basi mutu huyo anaingia kwa feti na hesabu kichwani. Nikikosa, watasema sipendi wenzangu. Nikienda nikae kimya, watasema niko na kiburi. Nikikataa kucheza, nikikataa chupa, nikirudia nyumbani saa kumi, shefu ataona. Labda shefu mwenyewe hawazi hata moja ya mambo hayo, anataka tu watu wale na wafurahi. Lakini kalamu iko mukononi mwake, na mufanyakazi hawezi kusahau kalamu hiyo juu ya muziki umepigwa.

Kotizasio: dola 10 ya huyu siyo dola 10 ya yule

Tuchukue mufano wa kawaida. Biro iko na watu 20. Wamekubaliana kila mutu atoe dola 10, na shefu, sababu ni mukubwa, atoe dola 50. Siku ya feti watamupigia makofi juu ya ukarimu wake. Sasa tuhesabu. Kama shefu anapata dola 1 500 kwa mwezi, dola 50 ni sehemu moja kwa 30 ya mushahara wake. Sentineri anayepata dola 100, dola 10 ni sehemu moja kwa 10. Kwa mizani ya mushahara, sentineri ametoa mara tatu kuliko mwenye kupigiwa makofi. Na dola 10 hiyo kwake ni chakula cha siku kadhaa, ao nusu ya deni la masomo ambalo alikuwa anataka kumaliza mbele ya watoto kufukuzwa mwezi wa 1.

Na kile wanakula hakiko sawa. Sentineri anafanya zamu siku ile ya feti, analinda magari, wanamuletea sahani kwa geti. Mama wa usafi anaambiwa afike asubuhi kusaidia kupika na kupanga viti. Anakula wa mwisho, na kesho yake ndiye anayeosha. Shofere anangojea inje mpaka usiku, sababu atarudisha wakubwa. Wote watatu majina yao yako kwa listi.

Kuna pia wale wanaolipia kitu hawatumii. Kwa biro moja tunakuwa na Wakatolika, Waprotestanti, Waislamu, Waadventista, watu wa kanisa za uamusho. Sehemu kubwa ya feza inaenda kwa makasha ya pombe. Yule asiyekunywa anapata Fanta moja ao mbili, lakini analipa sawa na anayemaliza chupa nane. Waislamu wanaangalia sahani na kujiuliza nani alichinja mbuzi, na kama nguruwe imepikwa kwa sufuria ile ile. Waadventista wanakuta feti imewekwa siku ya posho mchana, siku yao ya ibada. Hakuna mwenye alitaka kuwafukuza. Hakuna tu mwenye aliwauliza.

Jambo la kukata kwa mushahara linaomba jicho la pekee. Biro zingine hazizungushi listi: comptable anakata moja kwa moja, mufanyakazi anaona mushahara umepunguka na neno "feti" kwa karatasi ya malipo. Code du travail inataja vitu ambavyo mukubwa wa kazi anaweza kukata: kodi ya serikali, muchango wa CNSS, avansi ambayo mufanyakazi alichukua, na vitu vingine vichache vilivyoandikwa. Feti haimo ndani. Mufanyakazi akikubali kwa mapenzi yake kutoa muchango, ni sawa; kumukatia bila kumuuliza si sawa, hata kama ni dola 3.

Tena kuna kesi ya social, ile feza tunaweka kila mwezi kwa ajili ya matanga, ndoa na mtoto aliyezaliwa. Kwa biro zingine, mwezi wa 12 ukifika, kesi hiyo inafunguliwa ili kuongeza nyama. Mwezi wa 1, mufanyakazi anapoteza mama yake, anaambiwa: kesi iko tupu, vumilia. Kati ya ugomvi wote wa feti, huo ndio unaacha kidonda kirefu.

Siku yenyewe: meza ya mbele na meza ya nyuma

Atakayetaka kujua cheo cha mutu kwa biro, asisome organigrame, aende kwa feti. Meza ya mbele iko na kitambaa cheupe, maji ya chupa na maua. Meza za katikati ni za watu wa biro. Meza ya nyuma, karibu na jiko, ni ya stajiere, wa journalier na wa mama wa usafi. Musimamizi wa protokole anaita meza moja moja kwenda kuchukua chakula. Inapofika meza ya nyuma, kuku na sambaza vimekwisha, imebaki wali, sombe na mifupa.

Mbele ya kula kuna hotuba. Shefu anashukuru, anataja matokeo ya mwaka, na kwa upande wetu kuna pia dakika ya kimya kwa wale tulipoteza. Hiyo dakika si ya desturi tu. Kuna biro ambazo zimepoteza watu barabarani, wengine kwa risasi, wengine kwa magonjwa. Mahali pengi feti hii ndiyo siku moja tu kwa mwaka ambapo shefu na sentineri wanasimama pamoja na kutaja majina hayo kwa sauti. Ndiyo sababu hatusemi kwamba feti ifutwe.

Kiisha hotuba, musimamizi anasema: "Leo hakuna mukubwa, hakuna mudogo. Kila mutu aseme ukweli wake!" Watu wa biro wanayajua maneno hayo, na mwenye akili anashika kikombe chake na kunyamaza. Lakini kila mwaka kuna mumoja anayeamini. Chupa ya tatu inamupa nguvu, anaomba mikro, anasema mbele ya wote: primu ya mwezi wa 8 iko wapi, mbona gari ya mupango inabeba makaa ya bibi ya fulani, mbona fulani alipandishwa na hana diplome. Watu wanacheka, wengine wanapiga makofi, shefu anatabasamu. Siku ya kwanza asubuhi, barua iko mezani: demande d'explication, ajibu kwa maandishi. Ukweli ulikuwa ukweli. Lakini siku ile hakukuwa karatasi wala delege wa sendika pembeni yake, kulikuwa tu chupa, na chupa haiendi kumutolea ushuhuda.

Kwa upande mwingine kuna yule ambaye kwa feti anajigeuza kuwa mutu wa shefu. Anamumiminia, anacheka kabla ya mzaha kwisha, na akipata nafasi anasema polepole maneno ya wenzake sikioni. Feti kama hiyo inaisha kwa nyimbo, lakini kesho yake watu wanaanza kufunga mulango wakizungumuza.

"Nitakurudisha na gari"

Kuna sehemu ya feti ambayo wa mama na wasichana wanaijua vizuri kuliko sisi wanaume, na wengi wanaitaja tu kati yao.

Stajiere wa miaka 23 anaitwa kwa meza ya mbele: "Kuja ukae hapa, usiogope." Anawekewa pombe bila kuulizwa. Anaombwa kucheza, mara ya kwanza, mara ya pili. Akikataa, wenzake wenyewe wanamusukuma: "Ni mukubwa anakuomba!" Saa inaenda, moto haziko tena barabarani, na neno linafika: "Usiwe na wasiwasi, nitakurudisha na gari." Kwa miji ambamo risasi zinasikika usiku, kwa Ituri na Nord-Kivu ambazo ziko chini ya état de siège tangu tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021, musichana hana njia nyingi: gari ya shefu, ao giza. Na iko ile listi ya tarehe 31.

Wengine watasema: hiyo ni mambo ya feti, watu wazima, kila mutu anajua kujichunga. Sheria haisemi hivyo. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006, juu ya ubakaji na jeuri ya kingono, inaazibu mutu ambaye kwa tabia ya kurudia-rudia anatumia mamlaka ya kazi yake kwa maneno, ishara, vitisho ao kusukuma mutu, ili apate kwake mambo ya kingono. Azabu ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 12, pamoja na faini, ao moja ya mbili. Haisemi kama hiyo inahesabiwa tu kwa saa za kazi. Na Code du travail inahesabu harcèlement ya mukubwa wa kazi kama kosa kubwa: mufanyakazi anaweza kuvunja kontra juu yake.

Kwa mashirika ya musaada kuna kanuni ingine juu ya hiyo. Tangu mwaka 2003, Umoja wa Mataifa unakataza watu wake kutoa feza, kazi, vitu ao huduma ili wapate ngono. Sisi wa upande huu tuko na sababu ya kuikumbuka. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, wanawake wa Beni, Butembo na kandokando walieleza kwamba waliombwa mwili ili wapate kazi, ao ili wasifukuzwe. Tume huru iliyochunguza mambo hayo ilitoa ripoti mwezi wa 9 mwaka 2021: ilikuta watu 83 wenye kushitakiwa, na kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS. Tangu hapo mabango yameongezeka kwa kuta za biro, namba za kupiga bila kulipa, karatasi ya mwenendo ambayo kila mufanyakazi anaweka sahihi. Swali letu ni rahisi: siku ya feti, kwa hoteli, mabango hayako kwa ukuta. Je, sahihi iko? Jibu ni ndiyo. Aliyeweka sahihi anaibeba popote biro yake imemuita.

Na si wanawake peke yao. Kijana wa lojistike anayekataa pombe anachekwa kwamba si mwanaume. Mwenye bibi anaitwa kuja peke yake, "bila familia", na nyumbani ugomvi unaanza mbele ya feti. Bibi yake anauliza: ni kazi gani hiyo inakataza bibi na inaruhusu muziki mpaka usiku? Swali lake ni la haki.

Picha inasafiri kuliko gari

Zamani yaliyofanyika kwa feti yalibaki kwa feti. Leo simu 20 ziko mezani. Mbele ya keki kukatwa, picha iko tayari kwa status. Mufanyakazi aliyelala kwa kiti, mudomo wazi, ataonekana na wakwe zake kabla hajaamuka. Mwalimu anayecheza na chupa mukononi ataonekana na wanafunzi wake.

Kwa mashirika ya musaada hatari iko kubwa zaidi. Watu walio kwa kambi ya wakimbizi nao wako na simu. Wakiona wale waliowaambia juzi "bajeti imekwisha" wanacheza mbele ya meza ya nyama, na tishati ya mupango mwilini, hawatauliza kama feza ilitoka kwa mufuko wa wafanyakazi wenyewe. Watasema: hiyo ndiyo chakula yetu. Inaweza kuwa si kweli hata kidogo, lakini wafanyakazi watakaorudi pale wiki inayofuata ndio watakaolipa, na wanaweza kulipa kwa mawe.

Kolis ao feti?

Kwa biro nyingi mabishano makubwa ni haya: feza hii tufanye feti, ao tugawanye kolis? Kolis tunaijua: mufuko wa muchele, bido ya mafuta, kuku ao kartoni ya samaki, sukari, mara ingine kitenge. Kwa makampuni ambayo kontra ao makubaliano na sendika yanataja mwezi wa 13, watu wanauliza swali hilo kidogo. Pale mwezi wa 13 hauko, swali ni kali.

Tukisikiliza vizuri, wa mama wengi wanachagua kolis. Hesabu yao ni nyepesi: sahani ya feti inaingia kwa tumbo moja, muchele wa kilo 25 unakula nyumba nzima, na mtoto anajua kwamba papa ao mama anafanya kazi mahali. Wanaume wengi, na vijana zaidi, wanachagua feti. Nao wako na neno lao: kolis kila mutu anabeba kwake na kufunga mulango, mwaka unaisha bila watu kuketi pamoja. Kwa muji ambamo jirani anamuogopa jirani, ambamo makabila yanatajwa kwa sauti ya chini, kuketi meza moja na Mushi, Mhema, Mlendu, Munande, Mrega na Mhunde na kula sombe moja si kitu kidogo.

Kwa maoni yetu, kosa si kuchagua hii ao ile. Kosa ni pale ambapo watu watatu wa meza ya mbele wanachagua na wengine wanajulishwa kiasi. Biro zingine zimepata njia ya katikati: kolis ndogo kwa kila mutu, sawa kwa sentineri na kwa shefu, na saa mbili ao tatu za kuketi pamoja kwa kiwanja cha biro yenyewe, chakula cha mchana, bila kulipa hoteli.

Mambo ambayo hayaombi bajeti

Shefu anayesoma maneno haya labda anajiuliza: basi nifanye nini, nisiite watu? Aite. Lakini kuna mambo machache yanaweza kubadilisha feti nzima, na hayaombi feza ingine.

La kwanza ni wakati wa kutangaza kontra. Kama majibu ya kontra yanajulikana mbele ya feti, wale wanaobaki watacheza kwa moyo, na wale wanaoenda watapata nafasi ya kuagana na wenzao kwa heshima. Yule anayeficha majibu mpaka tarehe 30 ili "asiharibu feti" anafanya kinyume: anaweka woga kwa kila sahani.

La pili ni kotizasio. Iwekwe kwa kipimo cha mushahara, si kiasi kimoja kwa wote. Anayepata kidogo, na mwenye zamu siku ile, asilipe. Listi isiwekwe kwa grupe. Delegasio ya sendika, ao watu wawili waliochaguliwa na wenzao, washike feza kuliko shefu ao comptable, na ndani ya wiki moja watoe hesabu: iliingia ngapi, ilitoka ngapi, imebaki ngapi. Kesi ya matanga isiguswe.

La tatu ni saa. Feti ianze saa sita, iishe saa kumi, jua likiwa bado juu, wakati moto na teksi zinapatikana. Kama kuna gari ya biro, shofere ajue njia na listi ya wa kurudisha, na wasichana warudishwe pamoja, si mumoja mumoja na mukubwa. Shofere apate chakula chake saa ile ile wenzake wanakula, na asipewe pombe hata kidogo.

La ine, shefu mwenyewe. Akae, ale, asalimie kila meza kuanzia ile ya nyuma, na aende mapema. Wafanyakazi wengi watakuambia kwamba feti inaanza kweli gari ya shefu ikitoka kwa geti. Hawamuchukii. Wanapumua tu.

Na mufanyakazi? Anayo madai, ayaandike, ayapitishe kwa delege wake, asiyaweke kwa mikro. Asipige picha ya mwenzake bila kumuuliza. Akiona stajiere anasukumwa kwenda kwa meza ambayo hataki, asijiunge na wale wanaosukuma, amuite kando, amwambie: "Yaya, kuja tukae hapa, tutarudi pamoja." Maneno hayo yanatosha mara nyingi. Na aliyepatwa na jambo baya asibaki nalo peke yake: anaweza kuongea na delege, na Inspection du travail, na namba ya malalamiko ya shirika, na kama ni jeuri ya mwili, aende hospitali haraka, ndani ya saa 72, sababu kuna dawa za kuzuia ukimwi ambazo kiisha saa hizo hazina nguvu tena.

Wiki hizi listi zimeanza kuzunguka. Kama wewe ndiye unayeishika, mbele ya kuipeleka kwa mutu mwingine, tafuta jina la yule anayepata kidogo kuliko wote, uangalie kiasi gani kimeandikwa pembeni yake.